Utulivu wa Vilima vya Iramba

Wakristo tunapenda vilima. Tunakwenda huko kufunga na kuomba, na tunawapeleka vijana wa kipaimara wakatulie mbali na kelele za stendi na soko. Kwa sisi wa Singida, mahali pa namna hiyo hapahitaji safari ndefu. Ukitoka mjini siku ambayo anga ni safi, upande wa kaskazini-mashariki unauona Hanang, mlima wenye zaidi ya mita 3,400, umesimama peke yake. Ukifika Misigiri unaiacha barabara kuu na kuingia Kiomboi, kwenye nyanda za juu za Iramba. Hewa ni ya baridi. Upande wa magharibi ardhi inakatika ghafla, na chini yake mbuga ya Wembere imetandaa mpaka macho yanachoka.

Wanyiramba walikuwa wakilima na kufuga huku juu kabla mgeni yeyote hajafika. Muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig kutoka Ujerumani walikuja na kuanza kituo Ruruma. Wageni wengi wa wakati ule walitafuta miinuko, kwa sababu huko mbu ni wachache na mtu analala vizuri. Chini ya mteremko huohuo, pale Sekenke, Wajerumani wengine walikuwa wakichimba dhahabu. Mwaka 1916, vita ikiwa imepamba moto, dhahabu ya Sekenke ilitumika Tabora kutengeneza sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Leo sarafu hizo zinatafutwa na wakusanyaji wa vitu vya kale. Kazi ya Ruruma haikuacha dhahabu, ila iliacha watu waliobatizwa.

Vita ilipokwisha, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini, na kundi changa likabaki. Katika miaka ya 1920, Walutheri wa Augustana kutoka Marekani waliipokea kazi ya Iramba. Hospitali ikajengwa Kiomboi, walimu wakafundishwa Kinampanda, na baadaye hapo Kiomboi ikawepo shule ya bweni ya watoto wa wamisionari. Anayetembelea vituo hivi leo anaweza kudhani kwamba maisha ya hapa yalikuwa ya utulivu siku zote. Haikuwa hivyo.

Mwaka 1940 Wajerumani walikamatwa tena na kuwekwa kizuizini. Misheni zao nchini kote, kuanzia Usambara na Kilimanjaro hadi nyanda za juu za kusini, zikawa kama yatima. Wamisionari wachache wa Augustana, wakiongozwa na George N. Anderson, waliombwa kuzitunza zote. Elmer Danielson, aliyefika Tanganyika mwaka 1928, alikwenda kusaidia kaskazini. Mke wake Lillian na watoto wao sita walikuwa wakisafiri kumfuata kwa meli ya Zamzam, na tarehe 17 Aprili 1941 meli hiyo ilishambuliwa na Wajerumani katika bahari ya Atlantiki. Mama na watoto wote waliokolewa. Katika meli hiyohiyo alikuwemo Ralph Hult, mmoja wa wamisionari wa kwanza wa Augustana nchini. Naye aliokoka, akarudi kwao, akaanza safari upya, akafika. Mwaka 1943 alifariki Dar es Salaam kwa malaria.

Habari hizi tunazijua kwa sababu ziliandikwa. Lakini tujiulize: wakati wamisionari wametawanyika nchi nzima, nani aliyebaki Iramba akigonga kengele Jumapili? Nani alifundisha katekisimu, akawazika wafu, akawatembelea wagonjwa kwa miguu? Walikuwa walimu wa dini na wazee wa kanisa, wenyeji wa vilima hivi. Kanisa halikufa mikononi mwao. Tarehe 19 Juni 1963, makanisa saba yalipoungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, kanisa letu la huku kati lilikuwa mojawapo.

Petro alipouona utukufu wa Bwana mlimani alitaka kujenga vibanda wakae palepale. Bwana aliwashusha, na chini walimkuta baba mwenye mtoto mgonjwa akiwangoja. Wazee wetu wa Iramba hawakuhitaji kushuka popote ili wakutane na shida, maana waliishi nayo.

Basi tunapopanga mafungo kilimani, tupumzike na tuitazame Wembere jua linapozama. Kisha tutenge saa moja ya kwenda kwa bibi au babu mmoja wa kijiji, tumwamkie, tukae, tumwulize ni nani aliyembatiza na ni nani aliyemfundisha kusali. Majina atakayoyataja tuyaandike siku hiyohiyo na kuyapeleka ofisi ya usharika. Wanaoyakumbuka wamebaki wachache, na kila mwaka tunawazika.