Ulimi wa Baraza

Mwaka 1955 TANU ilimweka Bibi Titi Mohamed kuongoza kina mama. Alikuwa mwimbaji wa ngoma mjini Dar es Salaam. Elimu yake ya darasani ilikuwa haba, wala Kiingereza hakikuwa lugha yake ya kuhutubia. Hata hivyo, pale Mnazi Mmoja, ubavuni mwa Kariakoo, umati ulimsikiliza. Mwaka huo huo Nyerere, aliyesomea Edinburgh, alinena Kiingereza mbele ya Baraza la Udhamini, New York. Ujasiri wote wawili walikuwa nao. Lakini Baraza la Kutunga Sheria liliendeshwa kwa Kiingereza, na mwenye hoja asiyekijua (nao walikuwa wengi) alionekana mjinga. Tarehe 10 Desemba 1962 Nyerere, sasa Rais, alilihutubia Bunge kwa Kiswahili.