Ghuba ya Chole: Historia ya Bahari ya Wazamiaji Kisiwani Mafia

Kisiwa cha Mafia, kilicho mkabala na delta ya Mto Rufiji kusini mwa Dar es Salaam, kinajulikana leo kwa wageni wengi wa nje kama mahali pa uzamiaji wa mtungi, yaani uzamiaji ambao mtu hubeba mgongoni hewa iliyoshindiliwa na kuivuta kwa mdomo kupitia kifaa kinachoilinganisha na msukumo wa maji ya pale alipo. Kifaa hicho kilibuniwa Ufaransa mwaka 1943 na Jacques Cousteau, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini, akishirikiana na mhandisi Émile Gagnan, na baada ya vita kikawafungulia watu wa kawaida kina ambacho hapo awali kilifikiwa na wanamaji wachache tu. Wageni wanaokuja Mafia kwa ajili yake huambiwa mara nyingi kwamba wanazama katika bahari isiyoguswa na mtu, na dai hilo, hata likitolewa kwa nia njema, linafuta karne nyingi za kazi pamoja na hasara waliyoibeba wanavijiji ili bahari hiyo iwe kama inavyoonekana sasa.

Bahari ya Mafia imetumika tangu zamani sana. Huko Kisimani, kwenye ncha ya magharibi ya kisiwa kikuu, palikuwa na mji wa Kiislamu uliofungamana na utawala wa Kilwa, na mabaki yake, ambayo mwanaakiolojia Neville Chittick aliyachimba kabla mawimbi hayajayala zaidi, yanaonyesha wenyeji waliofanya biashara na nchi za mbali. Upande wa mashariki, katika kisiwa cha Juani, ulisimama mji wa Kua wenye misikiti na nyumba za mawe, ambao mwanzoni mwa karne ya 19 ulivamiwa na Wasakalava waliovuka kutoka Madagaska, wakaua watu na kuwachukua wengine mateka. Baada ya Kua kuachwa, makao ya utawala yakawa katika kisiwa kidogo cha Chole, walikoishi matajiri wenye asili ya Oman, na kisiwa kikuu chenye minazi yao kikaitwa Chole Shamba. Ujerumani ilipata Mafia mwaka 1890, na mwaka 1913 ikahamishia ofisi zake Kilindoni. Miaka miwili baadaye Waingereza walikitwaa kisiwa, wakakitumia kurushia ndege zilizoongoza mizinga dhidi ya manowari Königsberg iliyokuwa imejificha deltani. Chole ikabaki na magofu yake, na mizizi ya miti ikapenya kuta.

Maji yaliyo kati ya Chole, Juani na kisiwa kikuu ndiyo yanayoitwa Ghuba ya Chole, nayo huingia na kutoka hasa kwa mlango wa Kinasi, ulio upande wa bahari kuu. Maji yanapojaa, mkondo hupita mlangoni kwa nguvu ukileta chakula kutoka nje, na ndiyo maana matumbawe, wale wanyama wadogo wanaojenga miamba kwa chokaa ya miili yao, yamestawi hapo pamoja na chewa, taa na makundi ya kolekole. Mzamiaji huingia maji yakijaa, ili mkondo umsukume kuelekea ndani ya ghuba badala ya kumtoa nje, na hupendelea siku za maji mafu kuliko za bamvua, wakati tofauti ya kujaa na kupwa inapokuwa kubwa kupita kiasi. Katika kina cha mita 10 msukumo juu ya mwili wake huwa mara mbili ya ule wa juu, na hewa ya naitrojeni huingia katika damu yake, hivyo hulazimika kupanda polepole asije akadhurika. Kaskazi ikitulia huweza kwenda nje ya mwamba. Kusi ikivuma hubaki ndani. Kalenda hiyo ya pepo na mwezi haikuletwa na mitungi, kwa kuwa ni ileile ambayo wavuvi wa Jibondo na Juani wameifuata kwa madema, mishipi na jarife, ambao ni wavu wa matundu makubwa wa kunasia papa na taa.

Kazi nyingine za bahari hiyo ziliumiza mwamba wenyewe. Chokaa ya kujengea ilitokana na matumbawe, na sehemu kubwa yake yalikuwa hai: watu waliyang'oa kwa mitaimbo wakati wa kupwa, wakayapeleka pwani kwa mitumbwi, wakayarundika juu ya magogo yaliyopangwa kwa duara, kisha wakawasha moto uliowaka hadi mawe yakalainika na kuweza kuzimwa kwa maji yawe unga mweupe. Itakuwa si haki kuwalaumu wachomaji hao kwa jicho la leo, kwa sababu chokaa iliwapa nyumba imara na fedha kidogo mahali ambapo saruji ilikuwa ghali. Baruti ni jambo tofauti kabisa. Mlipuko mmoja huua samaki wakubwa na wadogo pamoja, wengi wao wakazama bila kuokotwa, na huvunja matumbawe yaliyochukua miongo kukua. Wenyeji wa Mafia walisisitiza kwamba wengi wa waliorusha baruti walitoka nje ya kisiwa, wakaondoka na samaki na kuwaachia wao mwamba uliokufa.

Hoteli ya serikali ilijengwa Utende, kwenye ukingo wa ghuba, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ilivutia zaidi wavuvi wa starehe kuliko wazamiaji. Mwaka 1975 Ghuba ya Chole na mwamba wa Tutia vilitangazwa kuwa hifadhi, lakini tangazo hilo halikufuatwa na boti wala walinzi. Mabadiliko yalikuja pale watafiti na vijana wa kujitolea walipoanza, mwishoni mwa miaka ya 1980, kuzama kwa mitungi na kuhesabu samaki na matumbawe. Kwa maana hiyo wazamiaji wa kwanza walioacha alama katika historia ya ghuba hawakuwa watalii. Kazi yao ilisaidia kuzaa Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994, na mwaka uliofuata Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake Tanzania Bara, ikaanzishwa ikiwa na eneo la kilomita za mraba 822.

Hifadhi hiyo haikuwa pori tupu, kwani ndani yake mlikuwa na vijiji na maelfu ya watu. Ilibidi igawanywe katika kanda: ya kiini, ambayo kitu chochote hakivuliwi, ya matumizi maalumu, ambayo baadhi ya nyavu haziruhusiwi, na ya matumizi ya jumla. Mwanaanthropolojia Christine Walley, aliyeishi Chole katika miaka hiyo, ameandika kwamba wanavijiji wengi waliiunga mkono hifadhi kwa sababu walitaka baruti ikomeshwe, kisha wakavunjika moyo walipoona maamuzi yanatolewa na watu wengine. Ushuhuda huo unastahili uzito mkubwa kuliko unaopewa kwa kawaida, kwa kuwa doria dhidi ya baruti zilifanikiwa pale wanavijiji waliposhiriki, na kila eneo lililofungwa ili wageni waone chewa wakubwa lilikuwa eneo ambalo mtu fulani alivua hapo awali.

Mwaka 1998 joto la bahari lililoletwa na El Niño liliyafanya matumbawe kupauka, yaani kuupoteza mwani mdogo unaoyalisha na kuyapa rangi, na mwamba wa Tutia ukapata hasara kubwa ambayo hakuna kanda wala doria iliyoweza kuizuia. Wakati huohuo kivutio kinachowaleta wageni wengi zaidi leo kimo nje ya mipaka ya hifadhi: papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye huonekana hasa kati ya Oktoba na Machi mbele ya Kilindoni, akila uduvi katika maji yaleyale ambamo wavuvi wa kisiwa hutega nyavu zao.