Mizani Kwanza, Bei Baadaye: Historia ya Magari Katika Nchi Yetu ya Pamba



Kamati ya chama chetu imetuletea pendekezo la kununua pikapu iliyotumika. Kazi zake zimetajwa: kubeba saruji, mabati na madawati ya shule, na kumkimbiza mgonjwa hospitali usiku pale ambapo bodaboda haifai. Wengine wanasema tununue mara moja kabla bei haijapanda. Wengine wanasema gari kuukuu ni shimo la pesa. Niliombwa niandike kama mhasibu, lakini nimeona nianze na historia, kwa sababu nchi yetu imekwisha kulilipia somo hili zaidi ya mara moja.

Mizani ya mnunuzi na mizani ya mkulima

Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikapita Malampaka, Maswa. Tangu hapo pamba ya wazee wetu ilikuwa na njia ya kufika bandarini. Kazi ngumu ilikuwa ile ya kutoka shambani hadi kwenye mnada na kiwanda cha kuchambulia. Iliendwa kwa kichwa, kwa punda na kwa mkokoteni wa ng'ombe. Mwenye lori alikuwa mfanyabiashara. Mwenye lori ndiye pia aliyekuwa na mizani. Mkulima aliambiwa uzito, akaambiwa na bei, naye hakuwa na chochote cha kupimia maneno hayo.

Manung'uniko juu ya mizani hiyo ndiyo yaliyozaa ushirika wa Kanda ya Ziwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kuweka wapimaji wao wenyewe, wapime pamba kabla haijafika kwa mnunuzi. Hawakuanza na kiwanda wala lori. Walianza na mizani. Kutokana na mwamko huo vikaundwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, VFCU, chini ya uongozi wa Paul Bomani, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri wa Fedha. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960, VFCU ilikuwa mmoja wa miungano mikubwa ya ushirika barani Afrika, ikiwa na viwanda vyake vya kuchambulia pamba.

Nawaomba tulishike jambo hilo: nguvu ya wazee ilitokana na kupima wenyewe kabla ya kukubali bei.

Matrekta yaliyokula mavuno

Baada ya Uhuru ushirika uliingia katika mpango wa kulima mashamba ya pamoja kwa trekta katika Usukuma. Nia ilikuwa njema. Mkulima angelimiwa eneo kubwa, kisha gharama ikatwe kwenye pamba yake. Lakini hesabu haikukaa sawa. Trekta linafanya kazi wiki chache za msimu wa kulima na kusimama miezi mingi, na likisimama bado linadai: mkopo wake unalipwa, dereva wake analipwa, na umri wake unakwenda. Likiharibika katikati ya msimu, vipuri viko mbali. Mavuno ya ekari moja hayakutosha kulipa gharama ya kulima ekari hiyo, na madeni yakabaki.

Mwaka 1966 Kamati Maalumu ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika nchini. Iliyoyakuta ni mambo ambayo mhasibu yeyote anayafahamu: vitabu visivyoandikwa vizuri, watumishi wachache wenye ujuzi, upendeleo, na wanachama wasiojua chama chao kinaendeshwaje. Serikali iliingia kusimamia, na VFCU ikageuzwa kuwa Nyanza Co-operative Union.

Sisemi kwamba trekta lilikuwa kitu kibaya. Kwa mwenye kazi ya kulijaza mwaka mzima lingelipa. Kosa lilikuwa kuangalia kazi linayoweza kufanya kwa siku moja, bila kuhesabu siku linazosimama. Pikapu ina tabia hiyo hiyo.

Miaka ya magari juu ya mawe

Mwezi Mei 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na kazi ya kununua pamba ikahamia kwa Mamlaka ya Pamba. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera, na magari mengi ya mashirika na ya watu binafsi yakachukuliwa kwenda vitani. Bei ya mafuta nayo ikapanda duniani. Wenye umri wangu na zaidi tunakumbuka mwanzo wa miaka ya 1980: malori yaliyoinuliwa juu ya mawe kwa kukosa tairi, na pamba iliyolala maghalani ikisubiri usafiri.

Wakati ule gari zima kabisa lilikosa thamani kwa kukosa kifaa kimoja kidogo, wakati gari chakavu lenye spea lilikuwa dhahabu. Ndipo watu wetu walipojifunza kuuliza swali la pili baada ya bei: "Spea zake zinapatikana wapi?"

Bajeti ya mwaka 1984 ilifungua mlango. Mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuingiza bidhaa bila kuulizwa sana alizipataje. Mwaka huo huo vyama vikuu vilirudi kazini, na sisi tukawa chini ya SHIRECU, maana tulikuwa bado Mkoa wa Shinyanga. Mwaka 1994 biashara ya pamba nayo ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Aliyekuwa na gari la kufika kijijini mapema ndiye aliyepata pamba. Kuanzia hapo pikapu ikawa chombo cha kila kitu: inabeba pamba, mbuzi, maiti, maharusi na wapiga kura.

Magari yaliyotumika kutoka Japani ndiyo yaliyoijaza nafasi hiyo. Yanatufaa kwa sababu Wajapani nao wanaendesha kushoto, na usukani wao uko kulia kama wetu. Yanauzwa nafuu kwao kwa sababu ukaguzi wa lazima wa mara kwa mara unamfanya mwenye gari aone ni bora auze kuliko kutengeneza. Lakini bei nafuu ya kule si bei ya hapa. Ongeza meli, ongeza ushuru wa forodha wa asilimia 25 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, kisha tozo nyingine na dalali. Ndiyo maana wengi wetu tunanunua gari ambalo mtu mwingine amekwisha kulitembeza hapa hapa nchini.

Pikapu inaangaliwaje

Hakuna mtu wa kwetu anayenunua ng'ombe gizani. Anamfungua mdomo, anahesabu meno, anamtembeza. Gari nalo lina meno yake.

Kwanza, tusidanganywe na namba. Watu husema "hii ni namba D" au "hii ni namba E" kana kwamba wametaja umri. Herufi hiyo inaonesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, haioneshi lilitengenezwa lini. Gari linaweza kuwa na namba mpya na miaka 18 mgongoni. Mwaka wa kutengenezwa utafutwe kwa namba ya chasesi, na namba hiyo ilingane na iliyo kwenye kadi. Tuhakikishe pia kwamba kadi haijawekwa rehani kwa deni na kwamba gari halina faini za barabarani.

Pili, mita ya kilomita inaweza kurudishwa nyuma, lakini pedali ya breki iliyolika, kiti kilichobonyea na usukani uliong'aa kwa mikono havirudishwi.

Tatu, lala chini. Chasesi iangaliwe kutu, nyufa na alama za kuchomelea, hasa karibu na springi za nyuma. Pikapu iliyobeba lumbesa za pamba miaka kadhaa hujionesha hapo: springi zimelala au zimeongezwa vyuma, na bodi imepinda juu ya tairi.

Nne, iwashwe ikiwa baridi. Muuzaji akikupokea na injini iliyokwisha kupata moto, rudi kesho asubuhi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Kisha iendeshwe kwenye barabara ya vumbi, si lami tu. Barabara ya lami ya Lamadi hadi Bariadi inaficha mengi. Njia ya kijijini itakuambia habari za bushi, difu na giaboksi. Foo-wili nayo ijaribiwe, maana kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, gari lisilo na foo-wili linageuka kibanda.

Tano, tukumbuke somo la miaka ya 1980. Hilux za zamani zenye injini za 3L na 5L zinafahamika kwa mafundi wengi na spea zake si za kutafuta. Zile mpya zenye mfumo wa D-4D zina nguvu na zinatumia mafuta vizuri, lakini nozeli na pampu zake ni ghali na zinataka fundi mwenye vifaa. Bora ni ile ambayo fundi wa Bariadi anaweza kuisimamisha tena kabla ya jua kuzama.

Na sita, msimu. Pesa ya pamba ikishatoka, kila mtu anataka gari, na wauzaji wanalijua hilo. Anayenunua wakati wa kulima anaongea na muuzaji aliyechoka kusubiri.

Hesabu yenyewe

Sasa nitumie kalamu yangu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano. Kamati itaweka za kweli.

Tuseme pikapu ya kwanza inauzwa milioni 24. Inahitaji matengenezo ya milioni 6, itatufaa miaka 4, kisha tutaiuza milioni 8. Imetugharimu milioni 22, sawa na milioni 5.5 kwa mwaka. Ya pili inauzwa milioni 32. Inahitaji matengenezo ya milioni 1, itatufaa miaka 6, kisha tutaiuza milioni 11. Nayo imetugharimu milioni 22, lakini kwa miaka 6, yaani milioni 3.7 hivi kwa mwaka. Iliyoonekana ghali kwa milioni 8 ndiyo rahisi.

Tuichukue hiyo ya pili. Tuongeze mshahara wa dereva milioni 3.6 kwa mwaka, na bima na mengineyo milioni 0.9. Tumefika milioni 8.2 kabla gari halijatoka getini. Hilo ndilo trekta lililosimama. Mafuta, tairi na sevisi tuyaweke shilingi 450 kwa kilomita, basi safari ya kilomita 100 ni shilingi 45,000. Kama kukodi gari kwa safari hiyo ni shilingi 150,000, tunaokoa shilingi 105,000 kila safari. Gawanya milioni 8.2 kwa 105,000: tunahitaji safari 78 kwa mwaka, yaani tatu kila wiki mbili, ili kumiliki kulingane na kukodi.

Je, tunazo safari 78? Katika mwaka wa ujenzi wa madarasa zinaweza kupatikana. Katika mwaka usio na ujenzi sidhani. Najua mama mjamzito aliyefikishwa hospitali saa nane usiku haingii kwenye mgawanyo huu, wala sipendekezi aingizwe. Lakini gari lisilo na fedha ya mafuta na tairi halitamfikisha, hata kama tulilinunua kwa bei nzuri namna gani.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Michango ya mwaka huu iwe mafungu mawili: fungu la kununulia na fungu la kutunzia. Tusinunue mpaka fungu la pili lifikie gharama za mwaka mzima. Fundi atakayekagua alipwe na chama, asilipwe na muuzaji wala dalali. Huyo ndiye mpimaji wetu, kama wale wa miaka ya 1950. Gari liwe na daftari la safari, na daftari hilo lisomwe mbele ya wanachama kila mwaka. Na ikionekana safari hazifiki, tukodi bila aibu, na fedha iende kwenye madarasa.

Simiyu ni mkoa tangu mwaka 2012, na ndio unaoongoza kwa pamba nchini. Wazee waliotufikisha hapa hawakuwa na magari, ila walidai mizani. Ndugu zangu, leteni michango yenu kwa mweka hazina, na mkipewa stakabadhi ulizeni mchango umeingia fungu lipi.