Mpaka wa Neno

Mtu asimamaye Voi na kuinua macho huuona mlima wa Ndara katika nchi ya Sagalla. Zamani misafara iliyotoka Mombasa kwenda bara ilipita hapo baada ya kuvuka nyika kavu ya Taru. Mwaka 1883 J. A. Wray, mmisionari wa C.M.S., aliupanda mlima huo akakaa pamoja na Wasagalla. Kazi yake mojawapo ilikuwa kuandika lugha ya wenyeji, na mwaka 1894 kitabu chake kidogo cha kufundishia Kitaita kilipigwa chapa London.

Huenda msomaji akadhani kwamba shida ya kazi hiyo ilikuwa kupata herufi. La, herufi ziliazimwa. Shida kubwa zaidi ni kujua neno linaanzia wapi na linaishia wapi. Mtu anenapo hatui baada ya kila neno. Usemi hutiririka kama maji ya mfereji, na sikio la mgeni halisikii pengo. Mwandishi hana budi kuukata mkondo huo vipande vipande, na kila akatapo ametoa hukumu.

Shida hii ni ya kale. Warumi waliandika karne nyingi bila kuacha nafasi kati ya maneno. Waandishi wa Ayalandi ndio walioanza kuzoea kuziacha, tangu karne ya 7. Katika pwani yetu wazee waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Miongoni mwazo alifu, dali, re na wau hazishikani na herufi ifuatayo. Kwa hiyo pengo laweza kuwa katikati ya neno moja. Lakini washairi walikuwa na mpaka mwingine, nao ni mizani. Katika Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Mwengo wa Athumani mwaka 1728, kila kipande kina mizani 8. Aliyepotea katika herufi aliweza kurudishwa njiani na hesabu.

Zilipokuja herufi za Kirumi, waandishi wa kwanza hawakupatana. Mzungu aliyezoea lugha yake, ambamo nafsi na wakati husimama peke yake, alishawishika kuandika «a na kuja» mahali pa «anakuja». Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, na kusawazisha maandishi kukawa miongoni mwa kazi zake. Vitabu vya shule vikafuata kanuni moja.

Je, ni jambo dogo? Tazama maneno haya: «Alisema kweli.» Hapo mtu anasifiwa kwa ukweli wake. Ukate baada ya herufi ya tatu: «Ali, sema kweli!» Sasa mtu anashukiwa. Hakuna herufi iliyoongezwa wala kupunguzwa. Ila mpaka umehama, na shahidi amekuwa mshitakiwa.

Leo kazi ya kukata maandishi hufanywa na kompyuta pia. Programu hupewa alama ya kukatia, nayo hukata kila iionapo alama hiyo, bila kuuliza maana. Ikipewa «Voi,Ndara,Sagalla» na kuamriwa ikate penye mkato, hurudisha majina matatu. Lakini ikipewa «hatutawasahau» na kuamriwa ikate penye nafasi, hurudisha neno zima kama lilivyo, ingawa ndani yake mna ha, tu, ta, wa na sahau. Mwingereza husema hayo kwa maneno matano, na programu yake huyaona yote. Yetu huliona moja. Mwaka 1992 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alichapisha makala yaliyoonyesha jinsi kompyuta iwezavyo kufundishwa viungo vya neno la Kiswahili, ipate kulikata penye maungio yake. Hakuibadili lugha ifanane na mashine. Aliipa mashine sarufi ya lugha.

Basi mwanafunzi aandikaye «ana penda» asidhani amekosea nafasi tu. Amemtenga mtendaji na tendo lake, mambo ambayo Kiswahili hukiunganisha katika neno moja. Wala mashine haitamsahihisha kwa haki, ikiwa aliyeitengeneza hakuijua lugha. Lugha za Ndara nazo zangoja mtu wa kuifundisha mashine viungo vyake. Na anayevijua vema ni yule aliyevisikia kwa mama yake.