Nasaba ya Lugha, Ujirani wa Watu na Haki ya Ardhi: Funzo kutoka Busia na Tororo

Utangulizi

Katika ukanda wa mpaka wa Kenya na Uganda, kuanzia Busia hadi Tororo, yanakutana matawi matatu ya lugha kutoka familia mbili. Kiteso ni cha Niloti ya Mashariki, pamoja na Kiturkana, Kikarimojong na Kimaasai. Kipadhola ni cha Niloti ya Magharibi, nacho kinakaribiana sana na Kijaluo. Kisamia, Kikhayo, Kigwe na Kinyole ni lugha za Kibantu. Historia ya lugha hizi imeandikwa kwa muda mrefu, lakini imetumiwa pia kujibu swali ambalo haiwezi kulijibu: nani ana haki zaidi ya kukaa wapi? Makala haya yanadai kwamba nasaba ya lugha, ujirani wa watu na haki ya ardhi ni mambo matatu tofauti, na kwamba kuyachanganya kumeiathiri taaluma na utawala pia.

Kuainisha kwa sura

Mwaka 1912, Carl Meinhof alichapisha kitabu kuhusu lugha alizoziita za Kihamu. Humo alikiweka Kimaasai pamoja na Kisomali, Kihausa, Kifulani na Kinama. Kigezo chake kikuu kilikuwa kuwapo kwa jinsia katika nomino. Kwa hoja ya namna hiyo Wateso nao walipewa jina la "Waniloti-Wahamu". C. G. Seligman alilitia nguvu wazo hilo mwaka 1930 kwa kuwafanya Wahamu wafugaji kuwa chanzo cha ustaarabu wa Afrika, na hata utafiti wa akina Gulliver wa mwaka 1953 ulibeba jina hilo.

Ni kweli kwamba Kiteso kina viambishi vya jinsia: a- ya kike, e- ya kiume na i- isiyo ya kike wala ya kiume. Hata hivyo, lugha mbili zinaweza kuwa na jinsia bila kuwa na mzazi mmoja. Oswin Köhler mwaka 1955, na Joseph Greenberg katika uainishaji wake wa mwaka 1963, walikirudisha Kiteso mahali pake miongoni mwa lugha za Kiniloti.

Kosa hili halikuwa la Afrika peke yake. Katika karne ya 19, Max Müller alizikusanya lugha nyingi za Asia, hasa za wahamaji, chini ya jina "Kiturani". Baadaye nadharia ya Kialtai iliunganisha lugha za Kiturki, Kimongolia na Kitungusi, ikitegemea kwa sehemu ulinganifu wa irabu na uambishaji. Gerard Clauson aliipinga mwaka 1956, na wanaisimu wengi leo huona kwamba mfanano mkubwa wa lugha hizo unatokana na ujirani wa karne nyingi.

Maneno ya urithi na maneno ya ujirani

Ushahidi wa nasaba hutafutwa katika msamiati wa msingi na katika ulingano wa sauti unaojirudia. "Maji" kwa Kiteso ni akipi, na kwa Kijaluo ni pi: mzizi ni mmoja. "Mbili" ni iarei kwa Kiteso, are kwa Kimaasai na ariyo kwa Kijaluo. Lakini "tatu" ni iuni kwa Kiteso na adek kwa Kijaluo. Basi urithi wa Kiniloti ni wa pamoja, ila matawi yalitengana zamani. Majirani wao Wasamia huyaita maji amachi, neno ambalo msemaji wa Kiswahili halitambui kwa shida.

Kipimo hichohicho huitikisa nadharia ya Kialtai. "Mbili" na "tatu" kwa Kituruki ni iki na üç. Kwa Kimongolia ni khoyor na gurav. Namba hazilingani, lakini jina la mbingu na la Mungu wa mbinguni, tengri au tenger, liko pande zote mbili.

Busia na Tororo zina mfano unaokaribiana na huo. Jina Were, au Wele, hutumiwa kumtaja Mungu na Wapadhola na pia na jamii kadhaa za Kiluhya, na jina Nyasaye liko kwa Wajaluo na kwa Waluhya. Lugha hizi si ndugu. Waliokutana ni wasemaji wake, katika ndoa, ibada na soko. Neno la ujirani huhifadhi historia ambayo orodha ya nasaba haiioni.

Mpaka na majina ya utawala

Utawala wa kikoloni uliyagandisha mahusiano haya. Semei Kakungulu na mawakala wake Waganda walileta Kiganda kama lugha ya utawala, na majina ya Kiganda, Bukedi na Budama, yakaingia katika ramani. Mwaka 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa himaya iliyokuja kuwa Kenya, na mpaka uliofuata mito ya Sio na Malaba ukawagawa Wateso na Wasamia. Ndugu wawili wa jamii ya Wasamia, Moody Awori na Aggrey Awori, walishika nyadhifa katika mataifa mawili: wa kwanza alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya kuanzia 2003 hadi 2008, na wa pili aligombea urais wa Uganda mwaka 2001.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaorodhesha jamii za asili kwa kuzingatia tarehe 1 Februari 1926. Hiyo ni tarehe ya kisheria. Si mwanzo wa historia ya mtu yeyote.

Athari kwa sera

Wilaya ya Tororo ilimegwa kuunda Busia mwaka 1997 na Butaleja mwaka 2005. Tangu hapo, dai la Wateso la kupata wilaya yao limekwama hasa kwenye swali la mji wa Tororo uwe upande gani. Katika mvutano kama huo, masimulizi ya kuhama, yakiwemo yale ya Wapadhola kuhusu Adhola ambayo Bethwell Ogot aliyachambua mwaka 1967, hugeuzwa kuwa hati ya kiwanja. Isimu historia inaweza kuonyesha kwamba lugha fulani zina asili moja na kwamba wasemaji fulani waliishi karibu. Haina kipimo cha kugawa mji.

Hitimisho

Mambo matatu yanafuata. Kwanza, migogoro ya mipaka ya wilaya iamuliwe kwa sheria na maridhiano, bila kuitegemea nasaba ya lugha. Pili, kwa kuwa Uganda imefundisha madarasa ya awali ya msingi kwa lugha za wenyeji tangu mtaala wa mwaka 2007, vitabu vya Kiteso na Kisamia viandaliwe kwa ushirikiano wa nchi mbili, kwani wasemaji wake wako pande zote. Tatu, watafiti wakusanye maneno ya ujirani kwa bidii ileile wanayokusanyia maneno ya urithi. Watu wa ukanda huu wamebadilishana hata majina ya Mungu. Sera inayowaona kama koo zilizofungiwa kila moja katika boma lake inaacha nje sehemu kubwa ya historia yao.