Gunia Moja, Majibu Mawili: Sumukuvu na Shaka ya Kipimo

Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania, ikieleza kwamba vipimo vilionyesha sumukuvu iliyozidi kiwango salama. Tarehe 10 Machi biashara iliruhusiwa tena kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuthibitisha kwamba sumu hiyo haizidi sehemu 10 katika bilioni. Mkulima wa Masindi au wa Mbeya alikuwa na haki ya kuuliza: namba hiyo hupatikanaje?

Kwanza tukiri kwamba hatari yenyewe ni ya kweli. Sumukuvu ilianza kuchunguzwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka 1960, kwa kula chakula chenye karanga zilizoota kuvu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki kwa sababu ya mahindi yenye sumu hiyo. Kikomo kiliwekwa ili kulinda uhai.

Tatizo ni kwamba sumukuvu haienei sawasawa. Punje chache huweza kubeba sumu nyingi, ilhali maelfu ya punje zilizo jirani nazo ni safi. Fanya hesabu: lori la tani 30 lililo kwenye kikomo hicho hubeba sumu isiyozidi gramu 0.3 kwa jumla. Mkaguzi anapochoma gunia moja kwa bambo, yaani kile chuma chenye ncha na mfereji cha kutolea nafaka, huenda akazikosa punje mbaya zote. Mwenzake akichoma gunia hilohilo upande wa pili, huenda akazipata. Hivyo majibu mawili hutofautiana ingawa hakuna aliyedanganya wala mashine iliyoharibika.

Hapa tutenganishe maneno mawili. Kosa ni tofauti kati ya jibu lililopatikana na thamani halisi. Mizani iliyopotoka, kwa mfano, hurudia kosa lilelile hadi irekebishwe. Shaka ya kipimo ni upana wa eneo ambamo tunaamini thamani halisi imo, na hubaki hata kazi ikifanywa kwa uangalifu. Tuchukulie maabara imepata 12, na shaka yake ni 4 juu au chini. Thamani halisi yaweza kuwa 8, yaweza kuwa 16. Je, shehena hiyo imevuka kikomo cha 10? Maabara haiwezi kujibu peke yake. Sheria ndiyo inayopaswa kueleza mapema nani atabeba shaka hiyo: mlaji au mwenye mali.

Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Maabarani methali hiyo haitoshi, kwa kuwa konzi moja haiwezi kulihukumu lori zima, sembuse nchi nzima. Sampuli ya haki huchotwa kidogo kidogo kutoka magunia mengi, juu, kati na chini, kisha ikasagwa na kuchanganywa kabla ya kupimwa.

Basi raia mwenzangu, ukionyeshwa cheti cha maabara, uliza mambo matatu: sampuli ilichukuliwaje, shaka ya kipimo ni kiasi gani, na je, mahindi ya nyumbani hupimwa kwa utaratibu huohuo? Maswali hayo humlinda mlaji wa Nairobi na mkulima wa Masindi kwa pamoja.