Asili ya Plamu, na Jinsi Zilivyohifadhiwa

Mtu akila tunda tamu hupenda kulipanda kokwa lake nyuma ya nyumba, akitumaini kupata mti uzaao tunda kama lile. Kwa plamu tumaini hilo mara nyingi huwa bure. Aweza kuutunza mche miaka mitano, na mwishowe akavuna matunda madogo, makali, yasiyofanana na mama yao. Basi, ikiwa kokwa halishiki sura ya mama yake, plamu nzuri za zamani zimetufikiaje sisi?

Plamu ni jamaa moja na pichi na lozi. Nazo zimegawanyika katika mbari mbili kubwa. Mbari ya kwanza ni plamu za Ulaya, ambazo wataalamu wengi huona kuwa asili yake ni karibu na milima ya Caucasus na Bahari ya Kaspi. Warumi walizipanda sana, na Plinio, mwandishi wao wa karne ya kwanza, alistaajabia wingi wa namna zake. Nyingi zina umbo la yai na rangi ya zambarau, na juu ya ganda mna ukungu mweupe ufutikao kwa kidole. Baadhi yake zina sukari nyingi hata zaweza kukaushwa nzima, pamoja na kokwa, zisioze. Ndizo plamu zilizoupatia sifa mji wa Agen katika Ufaransa.

Mbari ya pili huitwa plamu za Kijapani, lakini asili yake ni Uchina. Wajapani walizipokea huko zamani. Hizo huwa za mviringo au mfano wa moyo, nyekundu au manjano, nazo zimejaa maji. Miti yake huwahi kuchanua, wala haihitaji baridi nyingi kama ile ya Ulaya.

Mbari hizo zote mbili zilifika California, katika Marekani. Mwaka 1856 Mfaransa mmoja, Louis Pellier, aliletewa vijiti vya plamu za Agen, akavibebesha juu ya miti mingine. Baadaye akatokea Luther Burbank, aliyezaliwa mwaka 1849, akakaa katika mji wa Santa Rosa. Mwaka 1881 tajiri mmoja alimtaka miti 20,000 ya plamu za kukausha, yote iwe tayari kabla ya mwaka kwisha. Wengine walisema haiwezekani. Burbank akapanda makokwa ya lozi, kwa kuwa huota upesi; miche ilipopata nguvu akaibebesha macho ya plamu, na kwa wakati uliowekwa karibu miti yote ilikuwa tayari.

Mwaka 1885 aliagiza miche kutoka Japani, kwa sababu alikuwa amesoma habari za plamu ya nchi ya Satsuma yenye nyama nyekundu kama damu. Akachanganya namna kwa namna, akaotesha miche maelfu, akachagua michache na iliyosalia akaichoma moto. Mwaka 1906 alitoa plamu iitwayo Santa Rosa, tamu yenye ukali kidogo, ambayo hata leo hupandwa katika nchi nyingi.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali letu. Kokwa huchanganya asili ya mama na ya mti uliotoa unga wa maua, kwa hiyo kila kokwa huzaa mti mpya. Bali jicho lililobebeshwa ni kipande cha mti ule ule. Kila Santa Rosa duniani ni kipande cha mche mmoja uliochaguliwa na mtu mmoja. Walakini jambo hilo lilimletea hasara pia: aliyenunua mti mmoja aliweza kubebesha maelfu, asimlipe kitu. Sheria ya Marekani ya kulinda kazi kama hiyo ilitungwa mwaka 1930, naye alikuwa amekufa mwaka 1926.

Plamu hustawi katika baridi ya milima yetu pia, kama Lushoto na Mgeta. Basi atakaye kupanda asitegemee kokwa. Na atafute mti ambao matunda yake ameyaonja mwenyewe, aombe kijiti, akibebeshe. Tena apande namna mbili karibu karibu, kwa kuwa plamu nyingi hazizai vema zikiwa peke yake.